Daftari la Mahudhurio

Chama cha elimu ya watu wazima kilitupa ufunguo
wa chumba cha chini, nyuma ya kinu cha karatasi, Härnösand,
kwa sharti moja: kila Jumanne tujaze daftari.
Somo: muziki. Saa: tatu. Waliohudhuria: wanne.
Hata Jerker alipolala na homa tuliandika wanne;
ruzuku ilihesabiwa kwa vichwa.

Jerker hakuimba. Alijitapika.
Tage alipandisha gitaa hadi balbu ikatetemeka,
na Ylva, kifundo kimevimba kwa magongo ya barafu,
alizipiga ngoma kama anayedai mshahara wa baba yake.
Na kweli, mwezi ule kinu kilipunguza watu mia mbili.
Mimi, Pentti, besi. Nilijua nyuzi mbili. Zilitosha.

Kaseti ya kwanza: dakika kumi na tisa, hakuna pa kupumulia.
Tukaiuza mkono kwa mkono, Sundsvall, Gävle,
watoto thelathini ukumbini, jasho la watu mia.
Gari lilikuwa la mkate, la mjomba wa Tage;
tulinuka hamira hadi Malmö.

Ya pili ilikuja na nafasi ndani yake.
Ylva ndiye aliyesema: pigo hili tusilipige.
Wiki nzima tukagombania pigo ambalo halipo.
Lilipokosekana, ukumbi wote ulilisikia,
kama ngazi ya mwisho gizani: mguu umeshuka, hakuna kitu.
Mashabiki wa zamani walinuna. Mmelainika, wakasema.
Mmoja aliturudishia fulana yetu kwa posta,
imekatwa mikono.

Kisha koo la Jerker. Vinundu viwili.
Miezi minane aliongea kwa chaki, kwenye ubao wa mwanawe.
Aliporudi hakuwa na kelele; alikuwa na sauti.
Ya tatu tuliirekodi kanisani, kinanda cha kukanyaga,
maikrofoni karibu mno, unasikia mate.
Tage hakufika wimbo wa sita.
«Mimi nilikuja kwa ajili ya kelele,» akasema, bila hasira,
akaenda kufunga mitambo ya upepo.

Jana nimepita. Ufunguo bado unaingia.
Kinu sasa ni nyumba za kupanga, mapazia meupe.
Daftari lilikuwa chini ya spika, mwandiko wa Ylva, unyevunyevu.
Nikachomeka besi, nikapiga noti moja,
nikaiacha ife yenyewe.

Somo: muziki. Saa: nusu.
Waliohudhuria: wanne,
ruzuku isije ikakatwa.