Mafuta ya Visu

Baba hufua visu, Pattada, juu mlimani,
visu vya wachungaji, mpini wa pembe ya kondoo,
na kabla hajaviuza huvipaka mafuta ya zeituni
kwa kitambaa kimoja, kile kile, tangu sijazaliwa.
"Ukikiacha chuma faragha na hewa," husema,
"hewa itakila."

Sikujua kwamba ananisema mimi.

Kila wiki ya tatu tulishuka Sassari kwa basi la alfajiri,
nikatundikiwa damu ya mtu nisiyemjua.
Niliinuka na mashavu mekundu, nikicheka.
Lakini damu ya watu haiji mikono mitupu:
huja na chuma chake, na mwili
haukuumbiwa mlango wa kukitolea.
Kikapanga chumba kwenye ini. Kikahamia moyoni.

Daktari Cossu alichora moyo nyuma ya bahasha,
akautia vidoadoa kwa kalamu nyekundu.
"Kutu," akasema baba, mwenzake hajamaliza.
Daktari akamtazama.
"Ndiyo, Bachisio. Kutu."

Usiku pampu ndogo ilinguruma ubavuni,
sindano chini ya ngozi ya tumbo, saa kumi nzima;
asubuhi mkojo mwekundu,
na mama akiushangilia kama mvua.

Kisha vile vidonge laini vya vitamini E.
Nilikitoboa kimoja kwa pini: mafuta.
Nikampelekea baba karakanani, kiganjani.
Alinusa, akasugua kati ya vidole,
akakaa kimya mpaka makaa yakafifia.

Chungwa lilikuwa na sheria yake.
Nilipewa nusu, pampu ikishawaka tu;
maana vitamini C huamsha chuma kilicholala,
na ukikiamsha, uwe umeshafungua mlango.
Kaka yangu Gonario alikula manne mbele yangu, makusudi.
Bado namdai.

Leo nina miaka arobaini na mitatu.
Sisemi ni vidonge. Pampu ndiyo iliyobeba mzigo,
na wenzangu wawili wa wodi walivimeza vile vile
na hawapo.

Mkono wa baba siku hizi unatetemeka.
Jana nilichukua kitambaa,
nikapaka bapa la kisu upande huu, upande huu,
nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha:
uso wangu ukaniangalia humo,
wa manjano kidogo,
unang'aa.