Yule wa Kumi na Mbili

Kibandani kwangu Nkuhungu nusu saa ni mia tano,
roho ni tatu, mizuka kumi na wawili.
Ukiwamaliza wote, lango la ngome linafunguka.
Ukibakiza hata mmoja utazunguka ua ule
mpaka dakika zako ziishe, nikupokonye pedi.

Vijana wamewapa majina.
Yule mrefu asiye na miguu ni Bwana Ushuru.
Yule anayetokea ukishamkatia tamaa
wanamwita Maji ya Bomba.
Wale pacha wanaopiga kelele kabla ya kukugusa
ni Honi na Ndugu Yake, kama malori ya Singida.

Na yuko mmoja nyuma ya kisima, aliyeharibika.
Hajui kushambulia.
Anauendea ukuta, anagonga, anarudi hatua moja, anauendea,
mkono mmoja mbele kama anayebisha hodi,
tangu siku niliponunua diski hii Sabasaba na mkwaruzo wake.
Huyo hawakumpa jina.
Wanamwita Yule.

Jumamosi, upepo wa Agosti umejaza vumbi hadi menoni,
akaja Chedego, vidole vyeusi kwa maji ya zabibu,
ujira wa siku mbili za kuchuma Mpunguzi
umekunjwa ndani ya soksi.
Akacheza kama mtu mwenye deni.
Tochi, geuka, tochi: Ushuru akayeyuka.
Maji ya Bomba akatoka, akakatika.
Honi alilia peke yake kidogo
kabla ya kumfuata nduguye.
Kumi na mmoja chini. Roho imebaki moja.
Nyuma yake watoto tisa, hakuna anayetafuna karanga.

Akafika kisimani.
Akainua tochi.

Yule alikuwa kazini: ukuta, kugonga, ukuta.

"Mpige!" akasema Lechipya. "Hana hata macho."
"Ndiyo maana," akasema Chedego,
akaiweka pedi sakafuni taratibu,
kama unavyomlaza mtoto asiamke.

Nilitaka kusema neno, mimi mwenye kibanda,
lakini luku ilishalia mara tatu, na runinga ikafa.
Kwa mwanga wa mlangoni tukabaki sisi kwenye kioo,
weusi, vichwa kumi na kimoja,
hatuna miguu.

Jumatatu nilipopata hela ya umeme
hakuna kilichokuwa kimehifadhiwa.
Wote wamerudi, Ushuru yuko langoni, mzima kabisa.
Chedego hakudai dakika zake.
Alisimama kizingitini, mguu mmoja nje,
zabibu mfukoni zikimtia doa,
akauliza kama anayeulizia basi la Kondoa:

"Dada, hivi ukiacha imewashwa usiku kucha,
ule ukuta hauwezi kuchoka?"

Nikaangalia luku.
Uniti nne, nukta mbili.