Kifungo

Mimi hushona ala za bastola.
Miaka thelathini na minne, chumba kimoja nyuma ya nyumba,
ngozi ya ng'ombe, uzi wa kitani uliopakwa nta,
na dirisha linaloganda barafu upande wa ndani.
Kwa hiyo waliponiita Bismarck, makao makuu ya jimbo, mbele ya kamati,
nilidhani wanataka bei.

Walitaka nieleze kifungo.

Si kile cha jela. Hicho walikuwa nacho mezani,
kimepigwa chapa, ibara ya pili:
atakayempokonya askari silaha yake,
mitano ifutwe, iandikwe kumi na mitano.
Walitaka changu, cha shaba, kidogo kama ukucha wa mtoto,
kinachokaa juu ya bastola na kusema: subiri.

Nikaonyesha. Gumba chini. Sukuma mbele. Ndipo uvute.
Anayekivaa hukijua gizani, kama mtu ajuavyo ngazi za kwao.
Mgeni hupapasa.
"Kwa muda gani?" akauliza Seneta Haugrud.
Nikasema sekunde mbili, tatu akiwa mlevi,
na karani akaandika: tatu.

Renae Poitra aliketi safu ya mbele, bila sare.
Usiku ule, barabara ya kwenda Velva,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
aliteleza, akaanguka chali, kijana akawa juu yake.
Hakuzungumzia maumivu.
Alisema: "Kilichobaki nami ni wepesi.
Nyonga hii, ghafla, haina uzito.
Mpaka leo naamka usiku nikiishika."
Hakuna aliyekohoa.

Kijana, Darrin Vold, miaka kumi na tisa,
aliitazama ile bastola
kama aliyepewa mtoto wa watu amshike,
kisha akaitupa thelujini
na kukaa kando yake, akilia, mpaka magari mengine yakaja.
Hilo nalo lilisomwa. Lilisomwa haraka.

Husemwa sheria ni msumeno.
Mimi ni mtu wa sindano, ya misumeno siyajui.
Ila mikono naijua, nimeipima kwa mamia,
na mkono haujui kusoma.
Kumi na mitano au hamsini, pale kwenye barafu
mkono ule haukuwa na ukurasa mbele yake.
Na bado, nikimwona Renae anavyopapasa nyonga tupu,
ningepiga kura ya ndiyo. Ningeipiga, nisilale.

Ujiani mama yake Darrin akanifuata,
koti lake vifungo vimepishana, upande mmoja umepanda juu.
Hakuniita bwana wala mzee.
"Hicho kifungo chako," akasema, "si kiliwekwa kumzuia?"
Nikamwambia kimepimwa. Kweli kimepimwa.
Sikumwambia kwamba ala ile, namba mia nne na kumi na mbili,
niliimaliza wiki ile mke wangu Marlys amelazwa,
kwamba panapostahili mishono minane kuizunguka shaba
siku zile nilikuwa napotewa na hesabu.
Huenda minane. Huenda sita.
Hakuna seneta aliyeuliza habari za uzi.

Muswada ulipita, kura kumi kwa tatu.

Nimerudi. Taa, nta, harufu ya ngozi iliyolowa.
Agizo jipya: ala ishirini, za kaunti.
Nashona kifungo cha kwanza, nahesabu kwa sauti,
moja, mbili,
na nikifika nane mkono hautaki kusimama,
tisa, kumi, kumi na moja,
ngozi imejaa, hakuna tena pa kutoboa,
nami bado nahesabu.