Ukurasa wa Saba

Mimi kusoma nimejifunzia jikoni.
Chuoni nilitoka na Juzuu Amma,
skuli nilitoka na miaka mitatu na kofi moja.
Herufi zilizobaki nilizikuta hapa Langoni,
kwenye magazeti ya kilo ya Shekuwe Bwanamkuu.

Yeye aliuza la leo, pale Mkunguni,
lililoshuka Manda na ndege ya saa nne
likavuka kwa boti, abiria wamelikalia.
La jana alinipimia mimi.
Nalikata vipande vinne, nafungia bhajia.

Basi habari zangu zote zilikuwa na mafuta.
Waziri alijiuzulu mpaka kwenye kitunguu;
sababu iliondoka na mteja.
Bei zikipanda Jumatatu nilisoma Ijumaa,
bhajia nimeshaipandisha zamani.
Na yule mwanamke wa Kitale,
amejifungua watoto watano kwa mpigo,
mumewe amesimama mlangoni na thermosi —
Endelea Uk. 7.
Ukurasa wa saba aliuchukua karani wa forodha
na bhajia za shilingi ishirini.
Hadi leo sijui kama wote watano waliishi.

Mwandishi wetu alikuwa Mahazi Lali.
Kalamu sikioni, viatu vimeliwa na chumvi.
Ukimletea neno anakuuliza:
umeona, au umeambiwa?
Ukisema umeambiwa, anafunga daftari
anakwenda kubisha hodi kwa mwenye msiba.
Watu walimchukia kwa hodi zile.

Sisemi simu ni mbaya.
Usiku mwanangu Somoe alipobanwa na kifua
simu ndiyo iliyojua ni duka gani lina dawa.
Nasema tu ilivyokuwa.
Mafurushi ya Shekuwe yalikuwa kumi na mawili,
yakawa manne,
yakawa gazeti moja la meneja wa benki,
kisha meneja akahamishwa.

Alhamisi moja simu ikamuua Shekuwe.
Innaa lillahi, mazishi baada ya Alasiri,
mikono ya dua, vijiuso vya machozi,
kundi hili likalirushia kundi lile
mpaka shemeji yake Jeddah akalia kwa sauti.
Mimi nakaanga. Nainua macho.
Huyo hapo, na kikoi chake cha samawati:
"Mwanakwetu, nipa bhajia za hamsini.
Nimekufa kweli. Kwa ndaa."

Tulicheka mpaka mafuta yakaungua.
Halafu akakaa kwenye debe, akanyamaza,
akauliza: nani ataandika kwamba nipo?
Zamani palikuwa na kijisanduku,
ukurasa wa pili, chini kabisa,
maandishi kama sisimizi: Tunaomba Radhi.
Tulimwendea Mahazi.
Siku hizi analipwa kwa idadi ya vidole,
wanaobonyeza wakiwa wengi anakula.
Alitutazama kwa haya.
"Maiti wako alibonyezwa mara elfu sita," akasema.
"Mzima habonyezwi."
Lakini alitoa daftari. Akamuuliza Shekuwe jina lake kamili,
jina analolijua tangu utotoni,
akaliandika polepole, herufi kwa herufi,
na hakulituma popote.

Sasa nafungia kwa madaftari ya Somoe.
Mji mzima unajua hesabu alipata tatu kwa kumi
na kwamba mwalimu ameandika "Mlete mzazi".
Hizo ndizo habari zilizosalia kwenye karatasi,
na angalau hizo ni za kweli.

Jana usiku nilimwambia, mwanangu,
hebu niulizie kwenye hiyo simu:
mwanamke wa Kitale, watoto watano, mume na thermosi.
Akateleza kidole, akateleza.
Tukapata wa ng'ambo aliyezaa tisa,
sabuni ya kung'arisha uso,
mtu anayekimbizwa na mbuni,
mkopo wa dakika tatu.
Wa Kitale hayumo.
"Mama, labda hakuwapo," akasema, akasinzia.

Alikuwapo.
Nimemfungia bhajia kwa mikono yangu.
Watoto hao sasa wana umri wa kuoa,
kama wapo,
na kuna karani wa forodha, amestaafu, sijui wapi,
aliyekuwa na habari yao mkononi
akaitumia kufutia vidole.