Jina Nililolifunika

Tuliingia kanisani kwao, Usoke, katikati ya ibada,
saba sisi, na spika ya mkono
tuliyoiazima kutoka chama cha msingi,
ile inayowaita wakulima siku ya kupima tumbaku.

Mchungaji alikuwa ameshalowesha vidole.
Mtoto kapakatwa, kofia ya uzi imevuliwa,
na mimi, Mahona mwana wa Kashindye, nikabonyeza kitufe:
"Hayo ni matone! Huo si ubatizo!"

Ngoma ikakatika. Kwaya ikabaki mdomo wazi
kwenye "Ha" ya Haleluya.
Mtoto, ambaye maji hayakumliza,
akalia kwa sababu yangu.

Hakuna aliyenipiga. Ningefurahi wangenipiga:
ningerudi na jeraha la kuonyesha Jumatano.
Mhazini wao alisogea tu kwenye benchi,
akanipangusia nafasi kwa kofia yake.
Nikabaki wima. Maji yalidondoka mkononi mwa mchungaji,
tone, kisha tone, sakafuni,
nami nikayahesabu kwa kukosa la kusema.
Betri ilikuwa imefia kwenye Matendo, sura ya nane.

Msinielewe vibaya. Fundisho langu halijageuka:
maji yawe mengi, mtu azame,
aibuke akijua alichokikiri.
Nitalibishania hilo kibarazani, kwa kahawa, hadi taa izimike.
Lakini Septemba ya mwaka juzi, mto wetu ukiwa mchanga mtupu,
birika letu tulilijaza kwa kisima chao,
ndoo themanini, bila senti.
Maji yaliyonizika mimi na kunifufua
yalipandishwa kwa kamba yao.

Wenzangu husema: Bwana naye alipindua meza.
Ndiyo. Meza za wachuuzi,
nyumbani kwa Baba yake.
Sijasoma popote kwamba alipindua beseni la mtoto.

Juzi, mashineni, nilimkuta mama yake, Tekla Kalunde,
mtoto mgongoni, unga umemganda kopeni.
Nikamsalimu. Akaitika; ugomvi kwetu hauzuii salamu.
Nikauliza, huyu anaitwa nani?

Akafunga mfuko wake taratibu, fundo mara mbili.
"Jina lilitajwa kanisani," akasema.
"Waulize waliokuwa kimya."