Mwandiko Wangu Mzuri

Siku ya arobaini na moja, Kuze, ghorofa ya pili,
nimepewa daftari la kurasa thelathini na mbili
kwa kuwa, eti, katika watoto wa Zena
mwenye mwandiko mzuri ni mimi.
Safu ya kwanza: kitu.
Ya pili: hali yake.
Ya tatu: nani achukue.

Naanza na meza.
Neno la Mreno:
neno tulilimeza, mwenyewe tukamtema.
Foronya nne, zake pia.
Bweta, lake, limefungwa, ufunguo haujulikani. Tunaliruka.
Leso kumi na saba, nazo ni zake,
ila kwao ilikuwa kitambaa cha kufutia pua;
mamangu alijifunga usemi mzima kiunoni,
akapita mara mbili mbele ya mlango wa jirani,
asitamke hata "hodi".

Sufuria sita.
Mwarabu alipolisema neno hili alikusudia shaba.
Hizi ni za alumini, zimebonyea matako,
na jina halijaona haya.

"Mbuzi!" apiga kelele Khelef kutoka jikoni.
"Mbuzi, mzee, meno yamebaki sita, hali majani!"
Kalamu yasita.
Mbuzi moja au mbuzi mmoja?
Sarufi yataka kujua kama ana roho.
Nakumbuka mama alivyompanda kila Ijumaa,
kifuu mkononi, tui la kwanza, tui la pili,
na mlio ule wa kukuna uliotuamsha.
Naandika: mmoja.

Mkeka wa ukindu, rangi zimefifia.
"Wangu umechanika jana," asema Khelef.
Shangazi Maimuna, sindano hazimwishi mkobani:
"Lete, mwanangu, niushone."
Ikabidi aelezwe: timu tano,
nne zimeshinda, ya tano imefungwa dakika ya mwisho,
na mia tano zimekwenda na maji.
Akafikiri kidogo.
"Basi ukindu hautafaa."

Jiko moja, la makaa.
Kakangu Famau amepata jiko mara tatu,
yote yamezimika.
Hakuna aliyelisema hilo.
Sote tulilifikiri, akatuona.

Mwiko: cha kusongea sima,
na pia kile usichoruhusiwa.
Kamusi hutenganisha. Kwa mama kilikuwa kitu kimoja:
aliuinua tu, tukaelewa maana zote mbili.

Ndipo Famau, aliyekaa kimya tangu asubuhi,
akauliza akitazama sakafu:
"Na Mishi apewe nani?"

Mishi ni birika.
Dukani ungeitaja hivyo wangekushangaa.
Ilipotoboka chini, mwaka ambao sikumbuki,
mama aliipa jina la jirani yetu wa ng'ambo ya ndia
kwa kuwa hakuna ulichomtilia
kikafika magharibi hakijamwagika.
"Mishi yuwavuja leo," husema, na sisi twalala kwa kicheko.
Hata tulipoipeleka ikatiwa risasi, ikapona,
jina halikupona.

Famau hakuwa ameona mlangoni.
Bi Mishi alikuwa amesimama pale,
sahani ya mahamri mkono wa kulia,
mbaazi za nazi mkono wa kushoto.

Tukakauka.

Akaweka sahani juu ya neno la Mreno.
"Miaka thalathini najua," akasema.
"Kuta za Kuze ni karatasi.
Na mimi kwangu nina kufuli, la marehemu babangu.
Ufunguo wake upo, mafuta nalitia,
halifunguki.
Naliita Zena."

Akacheka peke yake, kisha akafuta macho
kwa pindo la leso, kazi yake ya kale.

Khelef akalitazama bweta.
Maimuna akalitazama.
Famau akasogeza mguu, kama kwamba linapumua.

Nikafungua ukurasa mpya.
Kitu: Zena.
Hali yake:

Mwandiko, mara hii, haukuwa mzuri.