Safu ya Kulia

Daftari la Likoni lina safu mbili,
ME kushoto, KE kulia,
katikati mstari wa wino mwekundu
alioupiga karani Chivatsi kwa rula ya mbao.
Mwandiko wake umelalia kushoto.

Nimepewa kazi ya kuhesabu:
kwa kila wasichana mia, wavulana wangapi,
kata kwa kata, mwaka kwa mwaka.
Feni inazunguka kama iliyolazimishwa,
karatasi nimezibana kwa jiwe.

Mvita, mia moja na mbili. Haya.
Kisauni, mia moja na nne. Ndivyo Mola agawavyo.
Likoni, mwaka ule mmoja:
wasichana mia, wavulana mia thelathini na mmoja.

Nikatia mate kidoleni, nikahesabu tena.
Wavulana wanapiga mpira wa makaratasi Mtongwe,
na wasichana thelathini na ushei
wamejificha kombolela
hakuna aliyewatafuta.

Nikavuka kwenda kwa Bi Nyevu, mkunga.
Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua uso.
"Walizaliwa. Wote niliwapokea mimi.
Ila ofisi iko ng'ambo,
na ng'ambo ni kibarua cha siku nzima.
Baba hupoteza siku kwa mtoto wa kiume.
Huyu wa kike, walisema, ataandikwa kwa mumewe."

Nikafungua miaka ya mbele.
Shule zilipoanza kudai cheti
safu ya kulia ilifurika.
Jumatatu moja ya Januari
wasichana arobaini walizaliwa Likoni
wakiwa wameng'oka meno ya mbele,
wanajua kusuka ukili,
wanajua kumbeba mdogo wao mgongoni.
Uwiano ukarudi mia na tatu.
Pembeni mkubwa fulani ameandika: hali imeimarika.

Sasa hili sikutumwa.
Nimeirudia tarehe moja ya mwaka ule.
Ina wavulana watatu. Wa pili ni mimi.
Mama alizaa pacha.
Mwanamkasi alitangulia kutoka, robo saa,
akatangulia pia kuondoka, kwa surua,
kabla shule haijamdai.
Kulia kwa jina langu pana nafasi nyeupe,
kidole kinatosha kulala.

Sheria hairuhusu kuongeza jina.
Kalamu sikuigusa.

Lakini ripoti nimeipeleka jana,
na kwenye mstari wa Likoni, mwaka wetu,
mia thelathini na moja haipo.
Nimeandika mia thelathini.

Wakiuliza,
nitasema nilikosea kugawanya.